Salamu Nilizozikata

Mhariri wangu yuko Dar es Salaam, mimi niko Ujiji, na umbali huo umetusaidia kuelewana kwa miaka mingi. Mwezi uliopita alinirudishia muswada wa riwaya yangu mpya. Kwenye ukurasa wa nne, pale mgeni anapoingia uani na kusalimiana na watu tisa, mmoja baada ya mwingine, alikuwa amepiga mstari mwekundu kutoka juu hadi chini, na pembeni ameandika: "Salamu hizi hazina kazi. Tukate?" Mbele kidogo alipiga mstari mwingine. Alipofika kwenye salamu za tatu hakuandika neno, aliweka alama ya kuuliza tu.

Nilimjibu kwamba salamu zibaki. Akanipigia simu. Alianza na shikamoo, akaniulizia afya, akaulizia mvua, akaulizia mguu wangu unaosumbua, akaulizia kama umeme umerudi, na baada ya hapo ndipo akanieleza kuwa wasomaji wa siku hizi hawana muda wa salamu. Nilimwacha amalize. Nikamwambia kuwa hata mimi niliwahi kuwa na haraka hiyo. Akacheka, akidhani ni mzaha wa watu wazima. Ni kijana mwenye adabu, na salamu ameziacha zibaki, lakini najua hakuridhika. Naandika hapa yale niliyoshindwa kumweleza kwenye simu.

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimepanga chumba kimoja Buzebazeba, kwenye nyumba ya bibi ambaye babu zake walitoka Kongo zamani sana. Nilikuwa na meza, kiti, kitanda na jiko la mafuta ya taa. Sikuwa na mume wala mtoto, na sikuhuzunika kwa hilo, jambo ambalo liliwaudhi watu kuliko upweke wenyewe. Mama mwenye nyumba alinitania kila nilipofunga mlango. "Mwalimu ameolewa na karatasi," aliwaambia majirani. "Tunangoja kuona atazaa nini." Nilikuwa nazaa riwaya yangu ya kwanza, na ilikuwa inakwenda vibaya.

Namna yangu ya kufanya kazi ilikuwa hii, na kwa sehemu kubwa ndiyo hiyo hiyo leo. Naandika kwanza kwa penseli, haraka, bila kuchagua. Kisha nanakili kwa kalamu ya wino, na katika kunakili nakata. Hakuna aliyenifundisha. Niligundua mwenyewe kuwa sentensi ikipunguzwa inasimama vizuri zaidi, basi nikawa napunguza kila kitu, hadi ripoti za wanafunzi. Maneno yenyewe sikuwa nayatoa kichwani. Kuta za nyumba ile zilikuwa za matofali mabichi na dari haikuwapo, kwa hiyo nilisikia kila lililosemwa vyumba vyote. Watu waligombana, wakasali, wakabembeleza watoto, na mimi nikaandika. Wahakiki wamewahi kusema nina sikio. Nilikuwa na ukuta mwembamba.

Mwanamke ninayetaka kumweleza alifika na boti ya wakimbizi kutoka ng'ambo ya ziwa, mtoto mgongoni, sufuria moja mkononi. Mama mwenye nyumba alikuwa na undugu naye wa mbali, ule undugu unaoelezwa kwa nusu saa na bado hauuelewi, akampa chumba kilichotazamana na changu. Mtoto alikuwa wa kike, wa miaka minne, mkaidi. Mama yake alianza kuuza mawese kwa chupa sokoni Mwanga. Mumewe alikuwa amebaki kijijini kwao kumuuguza mama yake mzazi, kwa ahadi kwamba mzee yule akipona au akifa, atavuka awafuate.

Shida ilikuwa moja. Waliovuka walitakiwa kujiandikisha na kupelekwa kambini, huko njia ya Kasulu. Mwenyekiti wa mtaa alikwishapita mara mbili kuuliza ni nani anakaa kile chumba. Mama mwenye nyumba alimjibu kuwa ni mgeni wake, amekuja kutibiwa. Mwanamke mwenyewe hakukataa kambi, alikataa kwenda kabla ya mumewe kufika.

"Bwana yangu anajua Ujiji," alisema. "Akishuka mu boti, ataulizia nyumba hii. Kambi hajui. Nikienda kule, yeye akabaki huku, tutapotezana kabisa."

Alikuwa amekwisha kuwaona waliopotezana. Kila siku walipita sokoni wakiuliza majina.

Hakujua kusoma. Jumapili moja alikuja mlangoni kwangu na karatasi aliyoinunua, akaniomba nimwandikie mumewe barua. Alikaa kwenye kitanda, mtoto magotini, akasema na mimi nikaandika. Siku hiyo nilikuwa na madaftari ya kusahihisha, basi sikunakili. Nilikunja karatasi ile ile ya penseli nikampa. Barua iliondoka na mfanyabiashara wa vitenge aliyekuwa akivuka kila baada ya wiki mbili. Jibu lilirudi, limeandikwa na katekista wa kule. Lilikuwa salamu tupu kutoka juu hadi chini, na mstari mmoja katikati: mama bado anaumwa. Nilimsomea mara moja. Aliondoka amefurahi, nami nikashangaa ni nini kilichomfurahisha.

Kisha zikaja habari na watu wa boti kwamba mama mkwe wake amefariki na amekwisha kuzikwa. Wakati huohuo mwenyekiti alipita mara ya tatu, akasema sasa hawezi tena kunyamaza, mwisho wa mwezi unaofuata lori litakuja. Mwanamke akaja na karatasi ya pili.

Rasimu ya barua ile ninayo. Karibu yote ni salamu. Bibi mwenye nyumba anakusalimu. Fundi cherehani wa Mwanga, yule aliyemshonea mtoto gauni, anakusalimu. Mama fulani tuliyevuka naye boti moja anakusalimu, mguu wake umepona. Mwalimu anayeandika anakusalimu. Mtoto anakusalimu, anajua kufunga kamba za viatu, anauliza kama kuku wake kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, yupo bado. Halafu, mwishoni kabisa, kama kitu kilichokumbukwa mtu akiwa ameshafika mlangoni: uje sasa, kabla ya mwezi ujao kwisha, wanatuhamisha.

Nilimsomea rasimu, akaridhika. Nikamwambia nitainakili vizuri kwa wino, ataichukua kesho yake. Naye akashukuru, maana barua ya wino ina heshima.

Nilikaa mezani nikaifanyia kile nilichokuwa nafanyia kila kitu. Niliona jambo muhimu limefukiwa chini ya fundi cherehani na mguu wa mama fulani. Nikalipandisha juu. Nikazitoa salamu zote, na mahali pake nikaweka sentensi moja niliyoipenda sana: "Wako wa ng'ambo hii wanakungoja, kila boti ikitokea, wanasimama wote." Niliisoma kwa sauti. Ilikuwa sentensi nzuri. Wiki hiyo hiyo niliiingiza kwenye riwaya yangu, ukurasa wa mwisho wa sura ya pili. Nakala ile sikumsomea. Sikuona haja, kwa kuwa yaliyomo niliyaona ni yale yale, tena yamependeza.

Jibu lilichelewa. Alikuwa akienda mwaloni Kibirizi kila boti ya kule iliposhusha, anarudi na chupa zake za mawese hazijauzwa. Nilimsikia kupitia ukuta akimwambia mtoto kuwa baba yuko njiani. Mwezi wa lori ulikuwa umeshaanza ndipo mfanyabiashara wa vitenge alipoleta barua. Alipomkabidhi alivua kofia, akasema pole, akaondoka haraka. Sote tulidhani ni pole ya mama mkwe.

Nilimsomea uani, mchana, mama mwenye nyumba akichagua mchele pembeni. Ilikuwa fupi. "Nakusalimu mke wangu. Namsalimu bibi mwenye nyumba. Namsalimu fundi. Namsalimu mama mliyevuka naye. Namsalimu mwalimu. Bwana ametoa, Bwana ametwaa. Nimenyoa, na kilio tumekaa. Usilie peke yako. Mimi sasa sina haraka ya kuvuka. Wakikupeleka kambini, nenda."

Nilikunja karatasi. Nilifikiri mtu huyu amechoka kwa msiba wa mama yake, atapoa.

"Unisomee tena," alisema mwanamke.

Nikasoma tena.

"Mutoto hajamusalimia."

Mtoto alikuwa kizingitini anaguguna hindi la kuchoma. Nikasema labda katekista amesahau. Akatikisa kichwa. Alinieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni mahali choo kilipo, kwamba kwao kifo hakiandikwi. Barua haibebi msiba, kwa sababu anayesomewa anaweza kuwa peke yake, au yuko na ujauzito, au yuko safarini. Aliyekufa anaachwa tu kwenye salamu. Anayesomewa anasikiliza majina, na yule asiyetajwa anajua amemzika. Ndiyo maana kila mtu anatajwa, hata fundi, hata wa mguu. Anayetajwa ni mzima. Na barua isiyo na salamu hata moja ni ya kilio cha nyumba ya anayeiandika.

"Kama hamusalimii," alisema, "ni kwamba anamujua amekufa. Nani alimuambia? Uliandika nini?"

Mama mwenye nyumba aliacha kuchagua mchele.

Niliingia chumbani nikaleta rasimu ya penseli. Nikamsomea, mtoto akiwemo, na kuku wake. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ni hiyo ndiyo ilienda?"

Ningeweza kusema ndiyo. Hakuna ambaye angejua. Mfanyabiashara hakusoma, katekista alikuwa ng'ambo, na mimi nilikuwa mwalimu. Nilisema hapana. Nikamsomea ile sentensi yangu nzuri, kwa kuwa niliikumbuka kwa moyo, na nilipokuwa nikiisema niliisikia jinsi yule mtu alivyoisikia: watu wanasimama, na hakuna hata mmoja mwenye jina. Niliona haya. Nimewahi kuona haya mara nyingine maishani, lakini si kama siku ile.

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alimwita mtoto, akampangusa mdomo kwa kitenge, akaingia naye ndani. Kuanzia siku hiyo mtoto hakuruhusiwa tena kuja chumbani kwangu kuchora, kama alivyozoea.

Barua ya tatu niliiandika kesho yake, kwa wino moja kwa moja, yeye amesimama nyuma yangu. Aliyosema niliyaandika kama alivyoyasema. Kila mtu alitajwa, hata mbuzi wa jirani. Mtoto alitajwa wa kwanza, na tena katikati, na tena mwisho. Kamba za viatu ziliandikwa. Kuku kishingo aliandikwa, na kwamba ana kidole kimoja kimekatika, na kwamba mtoto anasema asipewe pumba zenye ukungu. Kisha akaichukua barua, akaenda nayo Mwanga kwa yule fundi cherehani, akamwomba amsomee. Fundi alisimamisha mashine na kuisoma kwa sauti mbele ya wateja. Mwanamke alifanya hivyo ili ahakikishe kwamba nilichosema nimeandika ndicho kilichoandikwa. Mtaa mzima ulijua. Kwenye kibaraza cha shule wenzangu walinyamaza nilipoingia. Nilistahili, lakini sitasema kuwa nilifurahia.

Yaliyobaki yalikuwa kungoja, na siku za mwezi zilikuwa zinakwisha. Alifunga mzigo, akaufungua kupika, akaufunga tena. Mimi sikuandika hata mstari. Nilikaa kwenye meza yangu nikafuta ile sentensi kwenye sura ya pili, na mahali pake sikujua niweke nini.

Mumewe alifika siku tatu kabla ya lori. Ilikuwa saa kumi alasiri, uani tumo karibu wote. Mtu mrefu, kichwa kimenyolewa kwa wembe na nywele zimeanza kurudi, mfuko wa plastiki mkononi. Alisimama mlangoni. Mkewe aliinuka, lakini hakumkimbilia, na yeye hakuingia. Alikuwa anamtazama mtoto, aliyekuwa amechuchumaa anachimba shimo kwa kijiko.

"Msalimie baba," mama yake alimwambia.

Mtoto alimtazama yule mtu, akarudi kwenye shimo lake.

Hakuna aliyeeleza, lakini tulielewa. Mtu huyu alikuwa amelia, amenyoa, amekaa kilio. Barua ilikwisha kumdanganya mara moja. Alitaka mtoto mwenyewe ndiye aseme. Mama mwenye nyumba alimbembeleza, "Sema shikamoo, mjukuu wangu, sema." Jirani akaahidi pipi. Mtoto akazidi kununa, kama kawaida yake kila alipoombwa jambo na watu wengi. Baba alingoja. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Mimi nilikuwa mlangoni kwangu, na nilitamani kumtikisa yule mtoto kwa mabega.

Mwishowe aliinua kichwa, akautazama ule mfuko wa plastiki.

"Kuku wangu yuko wapi?"

Baba yake aliketi chini, pale pale mlangoni, kwenye vumbi. "Tulimukula," alisema. "Tulimuchinja siku ya kilio yako."

Mtoto alilia kwa hasira hadi akapaliwa. Alilia kwa ajili ya kuku, akampiga baba yake ngumi magotini, na yule mtu akawa anapokea ngumi zile na kusema, "Marahaba. Marahaba, mwanangu. Marahaba." Mkewe alikuwa amekwenda kushika mfuko wake. Mama mwenye nyumba alilia waziwazi. Mimi niliingia ndani nikafunga mlango, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile nilitamani ukuta ungekuwa mnene.

Lori liliwachukua asubuhi ya siku ya tatu. Mwanamke aliwaaga watu mmoja mmoja, kwa mkono. Aliponifikia mimi alinipa mkono kama wengine, akasema, "Asante kwa barua." Hakusema ipi. Nilisindikiza lori hadi barabarani, nikasimama hadi lilipopotea upande wa Kidahwe, kisha nikaenda shuleni, nilikuwa na kipindi cha hesabu.

Tangu hapo naandika ninavyoandika. Wanaonisoma husema sauti yangu ni kavu, kwamba nasimama mbali na watu wangu na kuwahesabu tu waliopo. Ni kweli. Nakata maelezo, nakata hisia, nakata machweo yote. Watu siwakati. Akiingia mtu uani ndani ya kitabu changu, atasalimiana na kila aliyepo, na msomaji mwenye haraka aruke.

Baada ya mavuno, barua ya yule mwanamke ilikuja kutoka kambini, imeandikwa na mtu mwenye mwandiko mzuri. Mama mwenye nyumba aliniletea niisome. Uani walikusanyika wote, kwa sababu sasa sote tulijua namna ya kusikiliza. Nilisoma. Anamsalimu bibi mwenye nyumba. Anamsalimu fundi, na mke wa fundi. Anamsalimu jirani wa pipi. Anamsalimu mwenyekiti wa mtaa, hana kinyongo naye. Mtoto anawasalimu wote, ana kifaranga kipya. Kila aliyetajwa aliitikia, "Aee," akatabasamu. Niliendelea hadi mstari wa mwisho. Nikageuza karatasi. Nyuma ilikuwa nyeupe.

Inawezekana ni yule aliyemwandikia. Inawezekana alikuwa na foleni ya watu, akaona barua imekuwa ndefu, akaamua mwenyewe ni yupi apungue. Nawajua waandishi. Na inawezekana mwanamke mwenyewe alisema kila jina kwa mpango wake, na mwandishi akaandika sawasawa na alivyoambiwa. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi kuliko nilivyofikiria kitabu changu chochote, na sijui.

"Na wewe je, Mwalimu?" aliuliza mama mwenye nyumba. "Hakukusalimu?"

Wote walikuwa wananitazama. Niliinua ule upande mweupe karibu na macho, nikasoma: "Na mwalimu naye namsalimu."

"Aee," waliniitikia wao, kwa niaba yangu.

"Umeona?" alisema mama mwenye nyumba. "Hakukusahau."

Nikamwambia nimeona.